Fundi mitumbwi wa Kirumba na babu wa nchi isiyo kwenye ramani

Jua halijapanda vizuri juu ya mawe ya Kirumba, jijini Mwanza, na tayari Otuoma Oluoch anagombana na ubao. Amepiga magoti kwenye mchanga, jicho moja kalifumba, kwa la pili anaufuata ubao kuanzia ncha hadi ncha.

"Huyu aliyepasua huu alikuwa na njaa," anasema, kisha anautupa pembeni na kuchukua mwingine.

Mafundi wenzake kwenye ufukwe huu huanza mtumbwi kwa mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo kizima, ndipo wafunge mbavu na kupandisha mbao. Otuoma hana habari na mkuku. Yeye hulaza kwanza mbao za tako, yaani za chini ya chombo, bapa kama meza ya kulia chakula, kisha husimamisha mbavu zikitanuka kwenda nje. Chombo kikiisha kinaonekana kama beseni lililobanwa ncha mbili.

Wenzake walimcheka miaka mingi. Sasa hawacheki sana, maana magugu maji yalipofunika ukingo wa ziwa, vyombo vya Otuoma vilipita juu yake huku vya wengine vikikwama. Wavuvi wanaviita "mzungu". Ukimsikia mtu wa Kirumba akisema amenunua mzungu kwa laki mbili na nusu, usikimbilie polisi.

Jina hilo lina sababu yake, na sababu hiyo ndiyo iliyomkosesha Otuoma usingizi tangu mwezi Juni mwaka huu, 1999.

Otuoma, mwenye umri wa miaka 42, ni Mjaluo aliyezaliwa Shirati, mkoani Mara, na sasa anaishi Buswelu na mkewe Bernadeta, watoto wanne na baba yake mzazi, mzee Oluoch. Kazi ya mbao alifundishwa na baba yake. Baba alifundishwa na mjomba wake. Naye huyo mjomba alifundishwa na mzungu aliyekuwa akijenga vyombo vya kuvushia magogo kwenye mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Musoma, miaka ya thelathini.

Mzungu huyo ndiye babu yake Otuoma.

Mgodini walimwita Bwana Mbao, na jina lake halisi hakuna aliyelijali. Aliishi na msichana wa Kijaluo, Agutu, akazaa naye mtoto mmoja wa kiume mwaka 1937. Mwaka 1940, vita ilipokolea, aliondoka kuelekea Mombasa na hakurudi. Ng'ombe wa mahari hakuwahi kutoa hata mmoja. Agutu akarudi kwao na mtoto mgongoni.

Wajomba wakampa mtoto jina la Oluoch, kwa kuwa alizaliwa siku ya mawingu. Wakampa chakula pia, na kazi. Lakini hawakumpa uwanja wa kujenga boma. Kwa Wajaluo, mtoto aliyezaliwa nyumbani kwao mama bila mahari huitwa kimirwa, na neno hilo halisemwi mtu akiwa anakula.

"Kimirwa hana mlango," anaeleza Otuoma. "Baba yangu alipooa, wajomba ndio walikaa kwenye viti. Nilipooa mimi, walikaa tena wao. Baba alikaa huku pembeni na vijana wa kuchinja, anachochea moto. Mtu mzima, harusi ya mtoto wake, anachochea moto!"

Bernadeta, ambaye ni Msukuma wa Misungwi, anaitikia kutoka kwenye jiko la mkaa, pale pale ufukweni. "Mimi nilidhani ni mpishi. Nikamwambia, mzee ongeza kuni. Ndiyo nikaja kuambiwa huyo ndiye baba mkwe." Anacheka, halafu anaacha kucheka.

Sasa ni zamu ya Odeta. Binti huyu mkubwa wa Otuoma ana miaka 22 na anasomea ualimu Butimba. Kijana anayetaka kumwoa ni Mjaluo wa Rorya, na wazee wake si watu wa kuingia nyumba wasiyoijua. Walikuja mara ya kwanza mwezi Juni kuuliza ukoo. Watoto wa wale wajomba wa Shirati nao walikwishatuma salamu: siku ya ng'ombe wao ndio watakaokaa mbele, kama ilivyokuwa siku zote.

Otuoma aliapa kwamba safari hii moto utachochewa na mtu mwingine.

Alikuwa na silaha moja tu, nayo ilikuwa majina saba.

Bibi yake, Agutu, alimfundisha majina hayo akiwa mtoto, jioni wakipukuchua mahindi: Plasidi, mtoto wa Telesfori, mtoto wa Dositei, mtoto wa Maksimini, mtoto wa Silvani, mtoto wa Ilari, mtoto wa Jermano. Alimwambia ni majina ya nyumba yao na asiyapoteze.

Jambo hilo peke yake lilikuwa la ajabu. Wazungu wa mgodini, bibi alisema, ukiwauliza baba wa babu yao ni nani wanakuna kichwa. Bwana Mbao hakukuna kichwa. Aliulizwa na msichana wa Kijaluo swali ambalo msichana yeyote wa Kijaluo angemuuliza mwanamume, akataja baba zake mmoja baada ya mwingine bila kuvuta pumzi.

Mzee Oluoch hakuyapenda majina hayo. Yalipoanza kutajwa alitoka nje.

Basi mwezi Juni, wazee wa Rorya wakiwa wamekaa sebuleni Buswelu, Otuoma alisimama akahesabu ukoo kama desturi inavyotaka, akianza na nafsi yake. "Mimi ni Otuoma wa Oluoch, wa Plasidi, wa Telesfori, wa Dositei..."

Mzee mmoja alimkatiza. "Ngoja kwanza, ndugu yangu. Hawa si Wahaya?"

Sebule nzima ikaangua kicheko, na si kwa ubaya. Ukivuka ziwa hadi Bukoba ukaita "Telesfori!" sokoni, watageuka watu kumi. Otuoma mwenyewe anakiri kwamba mteja wake mmoja wa Kihaya aliwahi kumkumbatia kama ndugu aliyepotea.

Wazee waliondoka kwa heshima, lakini waliacha neno: watarudi Jumamosi ya mwisho ya Agosti, na wangependa kujua wanaingia nyumba ya nani. Wasipojua, watazungumza na wajomba.

"Siku ile kichwa changu kilikuwa kama redio iliyokosa mawimbi," anasema Otuoma. "Mjaluo nimekataliwa, mzungu sionekani, sasa nimekuwa Mhaya."

Kusema kweli, alikuwa ameanza kutafuta zamani kidogo, na kila alipotafuta alizidi kupotea. Wa kwanza kumpoteza alikuwa fundi mmoja wa mitambo ya barafu, Mkanada, aliyekuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha minofu mwaka juzi. Alipita ufukweni, akauona mtumbwi wa Otuoma umeinuliwa juu ya magogo, akasimama. Akauzunguka mara mbili. Akapiga tako la chombo kwa kiganja.

"Aliniuliza, nani kakufundisha hii? Nikamwambia, baba. Akasema hapana, hii ni ya kwetu. Nikamwambia bwana, nenda taratibu, hii mbao nimenunua kwa hela yangu."

Fundi wa barafu alieleza kwamba kwao, pwani ya mashariki ya Kanada, wavuvi walijenga vyombo vya namna hiyo miaka mingi. Watu hao huzungumza Kifaransa. Lakini si Wafaransa. Na ingawa wako Kanada, wana jina lao: Waakadia.

Odeta alileta atlasi kutoka chuoni. Baba na binti waliipekua Kanada yote kwa ncha ya penseli. Akadia hakuna.

"Nikasema huyu mzungu ananichezea," anasema Otuoma. "Nchi gani haipo kwenye ramani?"

Aliipeleka atlasi kwa Sista Wilhelmina, mtawa anayefanya kazi karibu na Mirongo, ambaye alisoma Kongo na anakijua Kifaransa. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akafungua kitabu na kuuliza swali lake. Sista hakucheka. Alimweleza kwamba Waakadia walikuwa wakulima na wavuvi, na mwaka 1755 Waingereza walianza kuwakusanya, wakachoma nyumba zao, wakawapakia melini na kuwatawanya huku na huko. Baadaye wengine walirudi, wakakuta mashamba yana wenyewe wapya. Jina la nchi likafutwa. Watu wakabaki.

"Kama operesheni vijiji?" aliuliza Otuoma, ambaye mwaka 1974 aliona nyumba ya bibi yake ikibomolewa.

"Wewe fundi ulihamishwa kilomita ngapi?"

"Sita, Sista."

"Hao walivushwa bahari."

Otuoma alirudi nyumbani akiwa ameelewa na hajaelewa. Alikuwa mjukuu wa mtu aliyetoka nchi isiyokuwepo, aliyemzaa mtoto asiye na mlango.

Barua zikaanza. Ya kwanza ilikwenda Ufaransa, kwa sababu kila mtu Shirati alisema Bwana Mbao ni Mfaransa. Ufaransa ikajibu kwa adabu kwamba haimjui. Ya pili ilikwenda Kanada, kwenye ofisi moja ya kumbukumbu, ambayo ilirudisha fomu ya kujaza. Otuoma aliijaza kama sote tunavyojaza fomu zetu: jina la anayetafutwa, la baba yake, la babu yake. Plasidi Telesfori Dositei.

Miezi miwili ikapita. Jibu likaja: katika wilaya zote hakuna ukoo unaoitwa Dositei.

"Nikasema ni kweli, hakuna, Dositei ni babu!" Otuoma anapiga paja. "Kumbe wenzetu pale mwisho wanaandika jina moja la ukoo, la watu wote, halibadiliki. Sasa mimi hilo nalitoa wapi? Bibi hakunipa."

Hapo wengi wangekata tamaa, na Otuoma anasema alikata. Kazi nayo ilikuwa imelala, maana tangu Ulaya ilipokataa samaki wetu mapema mwaka huu hakuna aliyekuwa ameagiza mtumbwi mpya. Alikaa nyumbani akimtazama baba yake, naye baba yake akitazama ukuta.

Aliyemkwamua ni yule yule fundi wa barafu. Baada ya aibu ya mwezi Juni, Otuoma alimfuata kiwandani, akamtajia majina yote saba kama bibi alivyoyapanga. Mkanada alishika kichwa. Akasema kumbe ndivyo wazee wa kwao wanavyoitana hadi leo, kwa sababu kijiji kizima kina majina ya ukoo mawili au matatu na huwezi kujua yupi ni yupi: fulani wa fulani wa fulani, mpaka wapatikane. Peleka hivyo hivyo, alisema. Usipeleke ofisini. Peleka parokiani, kwenye vijiji vya wajenzi wa mitumbwi.

Sista Wilhelmina aliandika barua tano kwa parokia tano. Nne hazijajibiwa hadi leo.

Ya tano ilijibiwa, na jibu liliingia Mwanza Jumanne iliyopita.

Lilitoka kwa mama mmoja mzee anayetunza vitabu vya ubatizo. Sista aliisoma barua taratibu, akitafsiri sentensi moja moja, huku Otuoma ameshika kofia mapajani. Mama huyo aliandika kwamba Telesfori wa Dositei wa Maksimini wa Silvani wa Ilari wa Jermano wanamfahamu vizuri sana. Alibatizwa mwaka 1906. Alikuwa mjenzi wa mitumbwi. Aliondoka mwaka 1934 kutafuta kazi kwenye migodi ya Afrika. Barua yake ya mwisho iliandikwa Mombasa mwaka 1940, na baada ya hapo hakuna ajuaye, wala kaburi lake halijulikani. Jermano, yule wa mwisho, alizaliwa msituni wazazi wake wakikimbia askari. Juu yake hakuna maandishi.

Telesfori alikuwa na mdogo wake, Plasidi. Alizama baharini mwaka 1919 akiwa na miaka tisa.

Kisha mama yule akauliza, na Sista alilisoma swali hilo mara mbili: "Lakini orodha yenu inaanza na Plasidi wa Telesfori. Huyo sisi hatumjui. Telesfori alipoondoka hapa hakuwa na mtoto. Pengine ninyi mnamjua?"

Otuoma anasema hakuelewa. Alidhani wamekosea tena. Alimwomba Sista amsomee upya tangu mwanzo. Aliondoka na barua mfukoni, akatembea hadi Kirumba badala ya kwenda Buswelu, akakaa juu ya magogo yake akihesabu kwa vidole. Bwana Mbao ni Telesfori. Basi Plasidi ni nani? Mtoto wa Telesfori. Telesfori alizaa wangapi? Mmoja.

"Nikahesabu tena, nikafika pale pale. Nikaogopa."

Kosa lilikuwa dogo, na ni kosa la Mjaluo. Mjaluo anapofundishwa ukoo huanza na nafsi yake, yeye mwenyewe ndiye jina la kwanza. Bibi Agutu hakumpangia mjukuu orodha mpya. Alimpa ile ile ambayo Bwana Mbao alimwachia kwa ajili ya mtoto wao, ikianza na mtoto mwenyewe, na mjukuu, asiyemsikia mtu yeyote akimwita baba yake Plasidi, akadhani jina la kwanza ni la mzungu. Akaweka Otuoma na Oluoch mbele yake. Miaka yote hiyo, na kwenye barua zote, alikuwa akimtafuta Kanada mtu aliyelala chumba cha pili Buswelu.

Jioni alimsomea baba yake. Mzee Oluoch hakutoka nje safari hii. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba maji, hakuyanywa.

"Mama alikuwa ananiita hivyo nikiwa na homa," alisema. "Plasidi, Plasidi. Usiku kucha ananipangusa jasho. Mimi nilidhani anamwita yule aliyemwacha. Nilimchukia kwa hilo. Nilisema, mimi ndiye ninayeumwa hapa, yeye analilia mzungu."

Otuoma anasema hajawahi kumwona baba yake akilia, na siku hiyo pia hakulia. Aliuliza tu yule mdogo wake Telesfori alizama akiwa na miaka mingapi. Akaambiwa tisa.

"Kwa hiyo nilipewa jina la marehemu," alisema. "Kama watoto wote wa kwetu."

Bernadeta ndiye aliyelia, tena kwa sauti, hadi majirani wakaja kuuliza kuna msiba gani. Aliwaambia baba mkwe wake amezaliwa.

Hii haimalizi mambo. Wazee wa Rorya wanaweza kusema, na watakuwa na haki yao, kwamba jina si ng'ombe, na kwamba Telesfori hakutoa mahari. Watoto wa wajomba wameshapanda gari kutoka Shirati na nia yao ni ile ile. Otuoma mwenyewe bado amechanganyikiwa. Hajui kama babu yake alikufa vitani au alioa kwingine akasahau. Hajui amwite Mwakadia, Mkanada au Bwana Mbao.

"Mimi najua jambo moja tu," anasema, akichukua nyundo. "Mtu anayetaka kumkana mtoto hamfundishi mama yake majina saba. Tena akamweka mtoto mbele, kabla yake mwenyewe."

Mtumbwi anaoujenga sasa ni wa kwanza kuagizwa tangu Aprili. Akiumaliza, fedha itakwenda kwa Odeta na kwa barua nyingine: anataka kuuliza kama kuna aliyebaki wa nyumba ya Dositei, amtumie picha ya mzee wake. Anataka pia kuwaeleza kwamba ule mtindo wao wa kujenga bado uko hai, na kwamba unapita vizuri kwenye magugu maji.

Jumamosi ni keshokutwa. Nyumbani Buswelu, Bernadeta amefagia uwanja na kuazima viti kumi na vinne kwa majirani. Viti kumi na viwili amekwisha kuvipanga. Mzee Oluoch amekaa kwenye kizingiti, anatajataja majina kwa sauti ya chini, na kila mara anakwama kwa Silvani, mjukuu mdogo anamkumbusha.

"Baba," Bernadeta anamwita, kiti mkononi. "Hiki chako nikiweke wapi? Huku jikoni kuna kivuli."

Mzee anaacha kuhesabu. Anautazama uwanja, kuanzia lango hadi mlango wa nyumba, kama fundi anayeufuata ubao kwa jicho moja.

"Weka pale mbele," anasema. "Wakiingia wanikute nimekaa."